Gluteni iliyojificha kwenye virutubisho: jinsi ya kuikagua

Vitamini au madini yenyewe kwa kawaida hayana gluteni, yaani protini ya ngano, shayiri na rai (nafaka jamaa ya ngano). Gluteni huingia kupitia vitu vinavyojazia kidonge, vinavyokishikamanisha au kukitia ladha, kwa hiyo geuza chupa utafute mstari wa "viambato vingine", ulioandikwa kwa herufi ndogo chini ya jedwali la vitamini.

Tilia shaka wanga na dekstrini (wanga uliovunjwavunjwa) ikiwa haikutajwa zimetokana na mmea gani. Kimea (nafaka iliyooteshwa kisha ikakaushwa) na dondoo yake karibu kila mara ni shayiri, na hamira iliyotoka kwenye utengenezaji wa bia hubeba mabaki ya kimea hicho. Ngano huweza kuandikwa Triticum, shayiri Hordeum, rai Secale. Maltodekstrini, kijazio kingine kitokanacho na wanga, inaogopwa bure: hata ikitokana na ngano, protini huwa imeondolewa karibu yote. Unga wa majani machanga ya ngano au shayiri ni jambo jingine. Gluteni imo kwenye punje, si kwenye jani, lakini mavuno yakichelewa au mbegu zikichanganyika, unga wote unachafuka. Mwenye seliaki, ugonjwa ambao gluteni huchochea mwili kuudhuru utumbo wake, asiutumie kama haujapimwa.

"Haina ngano" si sawa na "haina gluteni". Sheria ya vizio (vyakula vinavyosababisha mzio) ya Marekani ya mwaka 2004 inalazimisha ngano itajwe, shayiri na rai haizigusi; Umoja wa Ulaya unataka zote zitajwe. Maneno "haina gluteni" huwekwa kwa hiari, na kikomo chake kote kuwili ni miligramu 20 kwa kilo.

Sasa piga hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapohofia kisichostahili. Wengi wenye seliaki huvumilia chini ya miligramu 10 za gluteni kwa siku. Kapsuli ya gramu 1 iliyofika kikomo cha 20 ina miligramu 0.02 tu, kipimo cha gramu 30 cha unga wa protini kina 0.6. Lakini kidonge cha gramu 1 ambacho asilimia 10 yake ni unga wa ngano kina miligramu 100 za unga huo, yaani karibu miligramu 10 za gluteni. Kidonge kimoja, na posho ya siku nzima imekwisha.

Lebo ikikaa kimya, mwandikie mtengenezaji ukitaja namba ya bechi. Uliza wanga umetokana na nini, kama kilichopimwa ni bidhaa iliyokamilika au malighafi tu, na kwa njia gani. Jibu la "hatuweki viambato vyenye gluteni" halitoshi, kwa sababu halisemi lolote kuhusu mashine zinazotumika kwa bidhaa nyingine. Kipimo cha kawaida cha ELISA, yaani kipimo cha maabara kinachonasa protini kwa kingamwili, huhitaji kuishika protini sehemu mbili. Gluteni iliyovunjwavunjwa kwa uchachushaji humponyoka mpimaji, hivyo bidhaa zenye kimea au hamira zinahitaji ELISA shindani, ambayo hutosheka na sehemu moja. Vijiti vya kupimia nyumbani navyo hudanganya: gluteni ikizidi mno, mstari unaweza kufifia kana kwamba hakuna kitu.

Soma lebo upya kila ununuapo, maana vijazio hubadilishwa bila tangazo. Na kama kirutubisho umeandikiwa na daktari, tuseme madini ya chuma, usikiache kimyakimya: mpelekee chupa, aone viambato na akubadilishie.