Kuitafuta jeni ya kikohozi kisichoisha

Mwanangu alizaliwa miezi tisa kamili, kilo tatu na nusu, na siku hiyohiyo akawekewa oksijeni. Miaka sita nikaambiwa pumu, mara kifua kikuu, mara pumu tena. Fundi mmoja wa eksirei aliona moyo uko kulia, akadhani amekosea kuiweka picha, akaipindua. Kumbe picha ilikuwa sawa.

Mzazi mwenzangu, ukiwa na mtoto anayekohoa makohozi kila siku tangu uchanga, pua imeziba mwaka mzima, masikio hayakauki, uliza habari za ugonjwa wa silia zisizofanya kazi vizuri, ambao madaktari huuita PCD na ambao hurithiwa kupitia jeni; ndio alionao mwanangu. Silia ni vinyweleo vidogo mno vinavyofagia kamasi kwenye njia ya hewa. Moyo ukiwa kushoto usitulie: ni kama nusu tu ya wagonjwa ambao viungo vyao vimegeuka.

Kabla ya kupima damu, chora ukoo. Kama mmeoana watoto wa ndugu, semeni bila haya, maana mtaalamu ataanza na sehemu ambazo nakala mbili za jeni za mtoto, ya baba na ya mama, zinafanana. Ulizia pia mjomba aliyeoa mara mbili asipate mtoto. Mkia wa mbegu ya kiume umejengwa karibu sawa na silia, kwa hiyo ugonjwa huu huweza kuugusa pia.

Hospitali kubwa hupima gesi ya nitriki oksaidi puani, ambayo kwa wagonjwa wengi huwa chini sana, na hukwangua pua kwa brashi ili silia zitazamwe kwa hadubini ya elektroni. Picha ikiwa nzuri, wasifunge faili. Jeni ya DNAH11 ikiharibika, hadubini haioni kasoro.

Sasa jeni zenyewe. Zinazojulikana zimepita 50, kwa hiyo omba zisomwe zote kwa pamoja. Majibu yetu yalikuja na mstari mmoja: DNAH5, jeni mojawapo ya silia, ina badiliko moja. Nililia kwa furaha, kisha nikasoma tena. Moja halitoshi! Jeni hii haileti ugonjwa mpaka nakala zote mbili ziharibike, ya baba na ya mama. Nikarudi kuuliza: la pili liko wapi? Walipotafuta vipande vilivyokatika, ambavyo usomaji wa kawaida huweza kuviruka, wakakuta pengo kwenye jeni hiyohiyo.

Hapo ndipo nasi wazazi tukatoa damu, na usikubali hatua hii irukwe. Badiliko likaonekana kwangu, pengo kwa baba yake. Yote mawili yangetoka kwangu kwenye nakala moja, mtoto angebaki na nakala nzima ya baba, na jibu lingekuwa bado. Tukampima na mdogo wake, kwani kila mimba yetu ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa na ugonjwa huu.

Ukiandikiwa “badiliko lisilojulikana maana yake”, usikate tamaa wala usilichukue kuwa jibu. Hazina za data za jeni zina Waafrika wachache, hivyo badiliko la kawaida kwetu huonekana geni kwao. Omba upewe faili lenyewe la data pamoja na karatasi ya majibu. Jeni mpya zinazidi kugunduliwa, na faili husomwa upya bila mtoto kuchomwa tena sindano.