Kumtafuta babu asiyekuwa na jina la ukoo

Miezi minane nilimfuata Juma bin Khamis asiye wangu. Jina la babu yangu mzaa baba nimelibadilisha hapa, lakini lenyewe lilikuwa la kawaida vivyo hivyo, na kwenye hati ya shamba la mikarafuu la Wete lilisimama peke yake: Juma, bin, Khamis, basi. Nikalikuta tena kwenye karatasi nyengine, nikashangilia, nikapiga simu Pemba. Kumbe yule alikuwa mwashi aliyekufa bila mtoto. Tangu hapo jamaa wakitaka kuandika shajara, yaani mti wa nasaba, huja kwangu, na huwaambia haya.

Kwanza lisahau jina la ukoo. Fomu za kitambulisho zina nafasi yake, nasi tunaijaza kwa jina la babu ili mambo yaende. Lakini jina hilo halikai pahala pamoja. Wewe ukiandika la babu yako, mwanao ataandika la baba yako, na mjukuu wako ataandika lako. Ukiwakusanya watu wote wenye jina la mwisho kama lako, utaleta majirani msiohusiana na utawaacha nje wajukuu wa ami yako.

"Bin" na "binti" zisome kama ngazi, kidato kwa kidato. Nikimfundisha mtu huanza na masultani wa Unguja, kwa sababu hao miaka yao inajulikana. Khalifa bin Said alitawala 1888 hadi 1890; Khalifa bin Harub akashika 1911 hadi 1960. Jina moja, baba mbalimbali, na anayeacha kuandika baba amewachanganya. Halafu yuko Said bin Sultan, aliyefariki 1856. Wengi wakiona "Sultan" pale hudhani ni cheo. Ni jina la baba yake, Sultan bin Ahmed. Mtego wa namna hii umejaa kwenye karatasi zetu: Mfaume, Shehe, Mkubwa, yote huwa majina ya watu.

Kuna na mtego wa wajukuu. Mtoto hupewa jina la babu, kwa hiyo mlolongo hujipindua: Juma bin Khamis bin Juma bin Khamis. Wape namba tangu siku ya kwanza, Juma wa 1, Juma wa 2, usingoje mpaka uchanganyikiwe. Na ujue kwamba nyumbani huyo mjukuu huenda hakuitwa Juma hata siku moja. Mama yake alimwonea haya mkwewe, hakuweza kulitamka jina lake, akamwita mtoto "Babu" au "Somo". Ukimuuliza bibi kizee habari za Juma atakwambia hamjui. Muulize habari za Babu wa nyumba ile.

Nisba, yaani jina la mwisho la kabila au asili ya mtu, inasaidia, ila usiiamini moja kwa moja. Al-Harthi, al-Mazrui, al-Ghassaniy zinakupa kabila. Mombasa utakuta watu wakijitaja kwa Thenashara Taifa, makabila kumi na mawili ya Waswahili wa mji huo, yaani Tatu Taifa za Wakilindini, Watangana na Wachangamwe, na Tisa Taifa zilizobaki, na hapo utajua hata upande gani wa mji uanzie kuuliza. Lakini watu wetu walipenda kupanda. Mtu akipata mali na jumba la mawe, nisba nayo hupata mali.

Lakabu, jina la kupangwa, ndiyo iliyoniokoa mimi. Mwandishi wa hati aliandika jina la heshima, mtaa mzima ukamwita mtu kwa jina jengine, na kwa kuwa lakabu ilitungwa makusudi ili kumtenga mtu na wenzake, ndiyo inayotenga vizuri kuliko zote. Hamed bin Muhammed el Murjebi ni mlolongo kamili, baba na nisba, na hapa Unguja ukiutaja watu watakutazama. Sema Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa, watamjua. Wapo wanaosema lakabu hiyo ni mlio wa bunduki zake, wapo wanaosema ni macho yake yaliyokuwa yakipepesa. Siti binti Saad naye, mwimbaji wetu aliyezaliwa Fumba, jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Anayemtafuta Siti kwenye habari za utoto wake hatampata.

Kwa hiyo usimuulize mzee "ukoo wake nani?" Atakutajia kabila zima. Muulize: "Mlikuwa mkimtofautisha vipi na yule mwengine?" Mimi nilipomuuliza hivyo dada yake bibi, alikuwa akichambua mchele, hata hakuinua uso. "Juma yupi? Juma Fundi au Juma Ng'onda?" Nikamwambia simjui Ng'onda. "Babu yako huyo! Akinuka samaki wa ng'onda mpaka msikitini." Nikairudia hati, na kwenye ukingo, kwa wino uliofifia, limeandikwa neno nililolipita mara kumi: muuza samaki.

Hati za zamani nyingi ni Kiswahili au Kiarabu kwa herufi za Kiarabu, na irabu fupi haziandikwi. Herufi zile zile tatu, ha, mim, dali, mmoja huzisoma Hamad, mwengine Hamed, mwengine Hemed. Makarani wa Kizungu nao waliandika walivyosikia: Khamis, Hamisi, Hamees. Andika sura zote za jina kwenye karatasi moja kabla hujakwenda Nyaraka za Taifa pale Kilimani, Unguja, uombe majalada kwa kila sura.

Mama ndiye mgumu. Karatasi za shamba zinamjua baba tu. Lakini kuna pahala pawili mama hasahauliki. Kaburini, msomaji wa talkini, maneno anayosomewa maiti akishazikwa, kwa desturi humwita maiti kwa jina la mama yake. Na mtu wa falaki, mpiga nyota, hakupigii hesabu mpaka umtajie jina lako na la mama yako. Basi watafute walimu wa zamani na watoto wao, waulize waliisomaje talkini ya fulani. Jina la mama wa Juma Ng'onda nililipata kwa mtoto wa mwalimu aliyemzika.

Kisha utafika pahala ngazi inakatika. Jina limesimama bila bin, kama mengi ya watumwa: Mabruk, Feruzi, Almasi. Au lina jina la mahali, kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto na kupelekwa Bara Hindi, akarudi na jina la mji badala ya la baba. Au limeandikwa "huru wa fulani", yaani mtumwa aliyeachwa huru, na huyo fulani ni bwana wake. Usimgeuze kuwa baba! Nimeona shajara mbili zilizofanya hivyo. Wengine wameandikwa bin Abdalla, kwa kuwa desturi ya Kiislamu humpa asiyejulikana baba yake jina hilo, kila mtu akiwa mja wa Mungu. Si kila bin Abdalla ni hivyo, lakini ukimkuta ndiye wa mwisho juu kabisa, wala hapana anayemkumbuka Abdalla huyo alikuwa nani, uliza polepole, tena mkiwa wawili tu.

Kwetu yuko mmoja. Shangazi aliniomba mstari ule niuandike kwa penseli kwanza, mpaka azungumze na ndugu zake wa Pemba. Bado ni penseli.