Somo: mimea ya majani manene katika mkebe, kwa changarawe yetu ya volkano

Wengi mlioniandikia mnauliza mbolea gani inafaa. Hilo naomba tuliache leo, tuanze na maji, maana hapa Goma mimea hii inakufa kwa kunyweshwa mno. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nikimwagilia lengalenga jioni, nikifika barazani naipa na echeveria yangu, mmea wa majani manene, kikombe chake. Nilipoteza mikebe saba ndani ya miezi miwili. Niliumia sana, kwa sababu niliipenda na nilidhani naitunza.

Echeveria asili yake ni Meksiko, krasula ni ya Afrika Kusini, na ile sansevieria yenye majani kama mapanga ni ya kwetu, inaanzia Nigeria hadi huku Kongo. Zote zinaweka maji ndani ya mwili wake. Nyingi hufunga matundu ya majani mchana kwenye jua, huyafungua usiku kuvuta hewa, na hivyo hupoteza maji kidogo sana. Katika mji ambao bidoni ya maji inanunuliwa au inabebwa mgongoni toka ziwani, huu ni mmea wa kupenda.

Hatua ya 1: changarawe. Lava, yaani mawe yaliyoyeyuka ya volkano ya Nyiragongo, ilipita katikati ya mji Januari 2002, na hadi leo ukichimba parseli unakuta mawe yake. Tunayalalamikia kwa sababu yanavunja jembe. Lakini yashike mkononi: ni mepesi, yana vitundu kila upande, maji hupita na hewa hubaki. Okota vipande vya ukubwa wa maharagwe na punje za mahindi. Vichekeche, kisha uvioshe mpaka maji yatoke safi, kwa sababu vumbi jeusi likibaki litaganda chini kama saruji. Changanya makopo mawili ya changarawe na kopo moja la udongo wa bustani. Yule anayekuuzia udongo mweusi mtupu kwa ajili ya mimea hii, mshukuru, kisha upande nao nyanya.

Hatua ya 2: mkebe. Wa maziwa unatosha. Utoboe chini matundu matano kwa msumari, uuweke juu ya vijiwe viwili ili maji yapate pa kutokea.

Hatua ya 3: kuzalisha kwa jani. Hapa nenda polepole. Chagua jani la chini la echeveria, nene, lisilo na kidonda. Lishike karibu na shina, lisukume kushoto, kisha kulia, mpaka liachie lenyewe na ile ncha yake nyeupe ya chini ikiwa nzima. Likikatikia katikati, halitazaa. Lilaze kivulini siku tatu mpaka kidonda kikauke, kisha liweke juu ya changarawe bila kulifukia. Baada ya wiki mbili au tatu utaona vijizizi vya rangi ya waridi, vyembamba kama nywele, na pembeni yake kijimmea kidogo kama punje ya mchele. Hapo nyunyiza maji kidogo. Jani mama litasinyaa lenyewe. Usiling'oe, bado linamlisha mtoto.

Hatua ya 4: mahali. Jua la asubuhi barazani, chini ya ukingo wa bati ila mbali na mstari wa matone. Mvua yetu ya kuanzia mwezi wa tisa ikimwagika toka kwenye bati hufukua mizizi. Mmea ukirefusha shingo, unatafuta mwanga. Usogeze kidogo kidogo, kwa sababu ukiutoa ghafla jua la saa sita litauunguza.

Hatua ya 5: maji. Inua mkebe. Ukiwa mzito, ondoka. Ukiwa mwepesi na majani ya chini yamelegea kidogo, mimina mpaka maji yatoke chini, kisha usahau.

Maswali yenu

*Dada wa Kadutu, Bukavu: Kwetu udongo ni ule unaonata, na lava hatuna.*
Dada, tafuta vipande vya matofali ya kuchoma, viponde kwa nyundo, chekecha, osha. Mchanga mnene wa ujenzi pia unafaa, lakini ule laini utaziba.

*Kaka wa Lubumbashi: Mwezi wa sita majani yamekuwa mekundu pembeni. Ni ugonjwa?*
Hapana kaka, ni baridi ya usiku pamoja na jua kali la mchana. Yakibaki magumu, usiwe na wasiwasi. Punguza maji sana na uondoe mikebe kwenye sakafu ya saruji, uipandishe juu ya ubao.

*Mama wa Himbi: Shina limekuwa jeusi chini, majani yanaanguka nikiyagusa tu.*
Pole mama, mizizi imeoza. Chukua kisu safi, kata juu ya weusi, tena na tena, mpaka nyama ya shina iwe safi bila doa. Kiache kichwa kivulini wiki moja, kisha kipande katika changarawe kavu, na usikipe maji wiki nyingine. Mchanganyiko wa zamani utupe.

*Kijana wa Ndosho: Majivu ya volkano yameangukia mimea, niyafute?*
Usisugue. Echeveria ina unga mweupe wake unaoikinga na jua, na ukitoka haurudi kwenye jani lile. Pulizia, au tumia brashi laini.

*Yaya wa Katindo: Nina mtoto anayetambaa na mbuzi wawili.*
Yaya, kalankoe, nayo ya majani manene, ina sumu inayogusa moyo wa mifugo, iweke juu wasipofika mbuzi. Na mimea yote inayotoa maziwa ikikatwa, kama ile ya kwenye nyua zetu, usiiache karibu na mtoto. Maziwa hayo yakiingia jichoni, osha kwa maji mengi safi kwa dakika 15 au zaidi, kisha mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.