Njugu za kashata: zichague kabla hazijaingia chunguni

Jamani mie kashata za njugu sizikatai, kahawa tungu bila kashata ni kujitesa tu, lakini tangu nijue habari ya sumukuvu sikaangi njugu mpaka nizimwage kwenye sinia niziangalie.

Iko hivi. Njugu zikipata unyevu zinaota ukungu, na kuna ukungu unaitwa Aspergillus flavus unatoa sumu ya aflatoksini, ndo hiyo sumukuvu. Linaloumia ini. Ukiila nyingi kwa mpigo inaua, Dodoma na Manyara mwaka 2016 watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hii, na ukila kidogo kidogo miaka nenda miaka rudi inaleta kansa ya ini, mwenye homa ya ini B ndo kabisa ajihadhari.

Sasa usiniambie ati moto utaua. Moto unaua ukungu, sumu inabaki, kukaanga kunapunguza tu hakumalizi, na sukari na iliki kazi yao kuficha uchungu.

Dukani nunua nzima, za maganda zikipatikana bora zaidi, zilizosagwa achana nazo maana mule hujui kimesagwa nini. Tia mkono mpaka chini ya polo, juu kila siku njugu nzuri! Ukisikia unyevunyevu au harufu ya uvundo nenda zako.

Nyumbani zitandaze penye mwangaza, toa zilizosinyaa, zilizovunjika, zilizotobolewa na wadudu, zilizobadilika rangi, na pasua chache uone katikati maana ukungu hupenda kujificha pale. Sumu haienei sawasawa polo zima, mara nyingi imejaa kwenye njugu chache mbovu, kwa hiyo ukizitoa hizo umeshatoa sehemu kubwa. Sio yote lakini, nyengine jicho halioni, ndo maana uji wa mtoto mie sitii njugu kila siku. Na ukitafuna ikawa chungu tema, hata kama uko barazani mbele za watu.

Hizo mbovu usiwape kuku. Sumu hii yenyewe ilijulikana mwaka 1960 Uingereza baada ya bata mzinga zaidi ya laki moja kufa kwa chakula kilichotiwa mashudu ya njugu. Zifukie.

Kuweka je? Wapemba mnajua kuanika karafuu, wingu likitokea tu mbio mnakunja jamvi, basi njugu nazo hivyo hivyo, juu ya jamvi au turubai sio mchangani, mpaka ukitikisa ganda usikie zinalia ndani. Ndo utie kwenye kopo la mfuniko, zikiwa mbichi ukazifunika zinatoa jasho na ukungu unapata nyumba. Masika yakiingia nunua kilo moja moja, polo zima muachie mwenye duka.