Somo: Kuunda gari la roboti na mtoto wako, na kwa nini "limekufa" ilhali halijafa

Nimeulizwa "roboti ya mwanangu imekufa, nifanyeje?" mara nyingi kiasi kwamba nimeamua kuandika jibu lote mahali pamoja, ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Somo hili linahusu lile kasha la vipande ambalo wazazi wa Dar es Salaam hulinunua Kariakoo na wenzetu wa Nairobi hulipata barabara ya Luthuli: chesisi ya plastiki, mota mbili za njano, bodi ya Arduino Uno (kompyuta ndogo inayoongoza gari) au nakala yake, moduli ya L298N ya kuendeshea mota, kihisi cha umbali cha HC-SR04 chenye macho mawili, na sevo ndogo (mota inayogeuka kwa pembe unayoiamuru) ya kukigeuza kihisi hicho huku na huku. Mara nyingi kasha huja bila maelezo yoyote ya maana. Kwa wanaouliza kama nakala ya Arduino ni haramu: bodi hiyo ilizaliwa mwaka 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi waliohitaji kitu cha bei nafuu, na michoro yake iliachwa wazi ili yeyote aweze kuitengeneza. Mimi natumia nakala katika darasa langu la Jumamosi na sioni aibu.

Hatua ya kwanza. Bandua karatasi ya kahawia iliyo juu ya chesisi. Hiyo si mbao, ni plastiki iliyofunikwa.

Hatua ya pili. Funga mota, magurudumu na kigurudumu cha mbele kwa skrubu, na mwachie mtoto bisibisi.

Hatua ya tatu. Unganisha nyaya za mota na moduli. Mota ya kushoto huingia upande mmoja wa L298N na ya kulia upande wa pili. Usihangaike kujua waya upi ni chanya, kwa sababu gurudumu likizunguka kinyume utabadilishana tu nyaya mbili za mota hiyo. Vile vibati vya shaba kwenye mota ni vyembamba na hukatika vikivutwa, kwa hiyo baada ya kulehemu, ufunge waya kwenye mwili wa mota kwa kamba ya plastiki ili mvuto usifike kwenye kiungo.

Hatua ya nne, ambayo naomba uisome mara mbili. Miaka michache iliyopita nilikaa mbele ya watoto kumi na mmoja Jumamosi nzima nikiwa na gari ambalo mota zake zilitetemeka, zikasita, zikazunguka nusu mzunguko na kunyamaza. Bodi ilikuwa ikipata umeme kutoka kwenye kompyuta kupitia waya wa USB, na mota zilikuwa na betri zao peke yake. Nilitangaza kwa sauti ya mtu anayejua kwamba moduli imeungua. Wiki iliyofuata nilileta moduli mpya, ikafanya yale yale, nami nikamlaumu muuzaji. Nilipofunga ya tatu, binti mmoja wa Kidato cha Pili akauliza kwa upole, "Mwalimu, huu waya mweusi wa betri unarudi wapi?" Haukurudi popote kwenye bodi. Moduli zote tatu zilikuwa nzima.

Sababu yake ni hii. Bodi inapoiambia moduli "washa", inatuma volti 5 kwenye pini, lakini volti si kitu kinachosimama peke yake. Ni tofauti kati ya sehemu mbili. Ni kama watu wawili wanaopima kina cha kisima kimoja, mmoja akianzia ukingoni na mwingine akianzia juu ya ndoo iliyopinduliwa pembeni, kisha wakashangaa kwamba vipimo vyao havilingani. Hasi ya bodi na hasi ya betri zisipounganishwa, moduli haina mahali pa kuanzia kupima, hivyo kila ishara inakuwa kelele. Kwa hiyo waya mweusi wa betri uingie kwenye tundu la GND (yaani hasi) la L298N, ambalo ni la katikati kati ya matundu matatu ya umeme, na katika tundu hilo hilo uingize waya mwingine unaokwenda kwenye pini ya GND ya Arduino. Waya mwekundu wa betri upite kwanza kwenye swichi, kisha uende kwenye tundu lililoandikwa 12V na kwenye pini ya Vin ya bodi, ambayo ni ya kuingizia umeme.

Maonyo ya hatua hii ni matatu. Kwanza, menya waya vizuri, maana nimeona skrubu ikibana ganda la plastiki badala ya shaba, na mwenyewe akaapa kwamba waya umeunganishwa. Pili, usichanganye tundu la 12V na lile la 5V, kwa sababu hapo ndipo bodi huungua kweli. Tatu, betri zetu mbili za lithiamu za 18650 (zile za mviringo mrefu) zikipigwa shoti hutoa mkondo mkubwa wa kuweza kuwasha moto, hivyo zitiwe mwisho kabisa, swichi ikiwa imezimwa, na mtu mzima akiwepo. Kuzichaji si kazi ya mtoto.

Hatua ya tano. Unganisha nyaya za amri. Mimi hutumia pini 5 na 6 kwa ENA na ENB, ambazo ndizo za mwendo, baada ya kuvua vile vifuniko vidogo vilivyozibana. Pini 7, 8, 9 na 10 kwa IN1 hadi IN4, zinazoamua gurudumu lizunguke upande gani. Pini 12 kwa Trig (ya kuamuru kihisi kipige sauti), 11 kwa Echo (ya kupokea jibu la mwangwi), na 3 kwa sevo.

Hatua ya sita. Pakia programu fupi ya kuendesha gurudumu moja tu, kisha la pili, kisha yote mawili. Kompyuta isipoiona bodi, jaribu waya mwingine wa USB kabla ya jambo lolote, kwa sababu nyaya nyingi za simu ni za kuchajia tu na hazipitishi data; ikishindikana, weka draiva (programu ya kuiwezesha kompyuta kuongea na bodi) ya CH340, ambayo ndiyo chipu ya USB iliyo kwenye nakala nyingi. Gari likianza kutembea litavuta upande mmoja. Hilo si kosa lako, kwani mota mbili za bei hii hazilingani kamwe. Punguza namba ya mwendo ya upande wenye nguvu, kwa mfano kutoka 180 hadi 165, na umwachie mtoto atafute namba sahihi mwenyewe kwa kuchora mstari wa chaki sakafuni. Darasa langu limejifunza zaidi kwenye mstari huo wa chaki kuliko kwenye ubao.

Hatua ya saba. Ongeza kihisi, na sheria moja: kitu kikiwa karibu kuliko sentimita 20, simama, tazama kushoto na kulia, geukia penye nafasi.

MASWALI YA WANACHAMA

Baba Mapacha: Nimefuata yote lakini haifanyi kazi. Msaada tafadhali.

Mwandishi: Hatua ya nne.

Baba Mapacha: Nimeshaisoma.

Mwandishi: Basi weka picha inayoonyesha tundu la katikati la L298N. Sitabahatisha kitu ambacho sikioni.

Mgeni 254: Naomba uweke programu nzima hapa ili tuinakili, mbona unatuzungusha?

Mwandishi: Sijaiweka kwa makusudi, na sioni kwamba nimemzungusha mtu. Programu hiyo haifiki mistari sitini, na mtoto akiinakili atakuwa amejifunza kunakili. Andika sehemu ya gurudumu moja, ulete hapa iliyokwama, nami nitaipitia mstari kwa mstari.

Mama Nasra: Mimi nimetumia betri ya mraba ya volti 9, kwa kuwa ndiyo iliyopatikana dukani. Taa za bodi zinawaka, lakini mota zikianza tu kila kitu kinazimika na kuwaka upya. Volti 9 si nyingi kuliko za betri zako mbili?

Mwandishi: Swali zuri, dada, na umelieleza vizuri. Volti ni nyingi, lakini betri ile imeundwa kwa vitu vinavyokunywa umeme kidogo, kama king'ora cha moshi. Mota inapoanza kuzunguka hudai mkondo mkubwa kwa ghafla, volti ya betri huporomoka, na bodi huzimika na kuanza upya. Kumbuka pia kwamba L298N ni chipu ya zamani ambayo hujilia karibu volti 2. Betri mbili za 18650 hutoa volti 7.4, hivyo mota hubaki na zaidi ya volti 5, jambo linalozifaa kwa kuwa zimeundwa kwa volti 3 hadi 6. Ukitumia betri nne ndogo za kuchaji, kila moja ikiwa na volti 1.2, utaanza na 4.8 na kubaki na chini ya 3, na gari litanguruma bila kusogea.

Fundi Saa: Niongezee hapo kuhusu 18650. Ukiona imeandikwa uwezo wa mAh 9800 (mAh ni kipimo cha chaji), hiyo ni hadithi ya muuzaji, kwa sababu hata zile nzuri kwa kawaida ni kama 3500 tu. Na kwa bodi zinazojizima zenyewe, lehemu kapasita (kifaa kinachohifadhi chaji kidogo) ndogo ya nanofaradi 100 kati ya vibati viwili vya kila mota, itapunguza kelele za umeme.

Mwandishi: Ahsante, fundi. Hilo la kapasita nilipaswa kuliandika katika hatua ya tatu.

Mzazi wa Mwanza: Bei je? Hujaweka bei.

Mwandishi: Bei hubadilika kila mwezi. Uliza dukani.

Mwalimu wa Fizikia: Wanafunzi wangu walipima ukuta ulio mita moja kwa rula, na kihisi kikasoma karibu sentimita 98, kila mara. Tulikuwa darasani mchana, joto likiwa nyuzi 32. Je, kihisi ni kibovu?

Mwandishi: Mwalimu, kihisi chako ni kizima, na wanafunzi wako wamegundua jambo ambalo wengi hulipita. Kihisi hiki hupiga sauti ya kilohezi 40 isiyosikika kwa sikio letu, kisha bodi hupima muda wa mwangwi kurudi. Programu nyingi huandikwa kwa kudhani kwamba sauti inasafiri mita 343 kwa sekunde, lakini hiyo ni hewa ya nyuzi 20. Kwa nyuzi 32 sauti hufika karibu mita 351, mwangwi hurudi mapema, na programu hudhani ukuta uko karibu zaidi. Tofauti ni kama asilimia 2, yaani zile sentimita mbili zenu. Waambie wapime asubuhi na mchana, wachore grafu, kisha waweke hesabu ya joto ndani ya programu: 331.3 ukijumlisha 0.606 mara nyuzi za joto.

Mama Wawili: Yetu inakwepa kuta na viti vizuri, lakini inaingia moja kwa moja kwenye kanga zilizoanikwa uani.

Mwandishi: Kitambaa laini humeza sauti, na mkunjo wake huitawanya upande mwingine, kwa hiyo mwangwi haurudi wa kutosha. Anikeni juu zaidi, au mweke mbele ya gari swichi ndogo ya kugusa, kama ndevu za paka.

Kijana wa Tanga: Shikamoo. Nilikuwa nimeweka ENA kwenye pini 9 na ENB kwenye pini 10. Gari lilitembea vizuri hadi nilipoongeza sevo. Sasa mwendo haupungui, ni kasi yote au hakuna kabisa. Nimebadilisha sevo, hali ni ile ile. Nilipofuta mstari unaoiita maktaba ya Servo (programu iliyoandikwa tayari ya kuendesha sevo), mwendo ukarudi.

Mwandishi: Marahaba, kijana. Wewe umeshafanya kazi ya fundi, umelitenga tatizo hadi kwenye mstari mmoja. Uno ina saa tatu za ndani zinazohesabu mapigo, na pini 9 na 10 hutegemea moja ya hizo. Maktaba ya Servo huichukua saa hiyo hiyo kwa kazi yake, hivyo pini hizo mbili hupoteza uwezo wa kutoa mwendo wa kati, ingawa bado zinaweza kuwasha na kuzima. Ndiyo maana mimi huzipa kazi ya IN3 na IN4, na mwendo nauweka kwenye 5 na 6. Hamisha nyaya mbili tu.

Bibi wa Zanzibar: Mjukuu wangu ana miaka saba, nami sitaki afunge nyaya bado. Aanzie wapi?

Mwandishi: Bibi, aanze bila umeme. Mwaka 1967 Seymour Papert na wenzake huko Marekani walitengeneza lugha ya Logo kwa ajili ya watoto, na baadaye wakaipa kobe wa kuamrishwa: mbele kiasi hiki, geuka kulia kiasi hiki. Cheza naye uani. Yeye awe kobe na wewe utoe amri, kisha mbadilishane, naye akukosoe ukigeuka zaidi ya ulivyoambiwa. Akifika miaka minane, kuna Scratch, ambayo haina malipo na ina Kiswahili ndani yake, ambako amri hupangwa kama matofali. Gari linaweza kusubiri.

Fundi Saa: Na skrubu mziweke kwenye sahani ya bati yenye sumaku ya spika mbovu chini yake. Nimepoteza nyingi mno kwenye mkeka.

Baba Mapacha: Nimerudi. Waya mweusi ulikuwa umeingia, lakini skrubu ilibana plastiki. Limetembea, na mapacha wanagombana nani alishike. Ila linakwenda linapinda kushoto.

Mwandishi: Hatua ya sita, na ununue chaki.