Kumwita mtu Cassandra: lini inafaa, lini haifai

Nafundisha Kiswahili hapa Moshi na ni mlezi wa klabu ya midahalo. Siku hizi jina Cassandra limepenya kwenye hotuba za wanafunzi wangu. Nalipenda. Ila wanambandika kila anayetabiri mabaya, na hapo ndipo ninaposhika kalamu nyekundu.

Katika hadithi za Wagiriki, Cassandra ni binti wa Priam, mfalme wa Troy. Mungu wao Apollo alimtaka, akampa kipawa cha kuona yajayo. Binti alipomkataa, akamlaani: atasema kweli na asiaminiwe. Akawaonya watu wake juu ya farasi wa mbao aliyeachwa na Wagiriki, adui zao, wakamwona kichaa. Farasi akaingizwa mjini, tumboni mwake mna askari.

Kwa hiyo jiulize kwanza: alionya mapema? Alichosema kilitokea? Walioambiwa walimpuuza? Moja likikosekana, tafuta neno jingine. Anayetaja ajali kila safari bila sababu, huyo tunamwambia aache uchuro. Na ukisema "sikio la kufa halisikii dawa", unamlenga asiyesikia; Cassandra ni yule aliyesema. Tofauti hii naing'ang'ania kuliko zote, maana tuna methali tele za kumkemea mkaidi, na aliyepuuzwa tunamsahau.

Anayestahili jina hili ni Roger Boisjoly, mhandisi wa Marekani. Yeye na wenzake walipinga chombo cha anga za juu Challenger kurushwa kwenye baridi, wakihofia mipira inayoziba viungo vya roketi. Wakubwa wakaamua kirushwe. Tarehe 28 Januari 1986 kikasambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu 7 wote waliokuwamo wakafa.

Mfano wenye utata tunauona dirishani, Kibo ikiwa haina mawingu. Mwaka 2002 mwanasayansi Lonnie Thompson na wenzake waliandika kwamba barafu ya Kilimanjaro huenda ikaisha kati ya 2015 na 2020. Imepungua mno, lakini ipo. Mwanafunzi aliyemwita Cassandra nilimwambia aandike "alionya", basi.

Kwenye sentensi: "Fundi aliyekataa ghorofa ya tatu ndiye Cassandra wa jengo lile." Wakiwa wengi, akina Cassandra. Herufi kubwa daima, ni jina la mtu. Na ukihutubia wasiomjua, ongeza maneno machache, "yule binti wa Troy aliyeonya asisikilizwe", kisha endelea na hoja yako.