Kuchuja kweri kwa tarehe bila kuipiga chini indeksi

Wengi wanaweka indeksi (orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji) kwenye kolamu ya tarehe afu wanashangaa mbona kweri (ombi unaloipa deitabesi) bado inasota, na mara nyingi tatizo sio seva wala nini, ni WHERE yenyewe, ile sehemu ya kweri inayochuja, ilivyoandikwa. Chukua jedwali la miamala kwenye PostgreSQL (aina ya deitabesi), rekodi mamilioni, muda wa malipo uko kwenye kolamu ya imelipwa, unataka malipo ya siku moja tu, ukaandika:

WHERE date(imelipwa) = '2025-03-01'

Hapo indeksi ushaiweka pembeni. Imepangwa kwa imelipwa kama ilivyo, haijui date(), inayobakiza tarehe tu, itatoa nini, kwa hiyo deitabesi inapitia rekodi moja moja toka juu mpaka chini inapiga hesabu. Iache kolamu peke yake:

WHERE imelipwa >= '2025-03-01 00:00+03' AND imelipwa < '2025-03-02 00:00+03'

Iyo < ya mwisho ishikilie sana. Ukitumia BETWEEN badala yake, inachukua ncha zote mbili, yaani muamala ulioingia saa sita kamili usiku utahesabiwa leo na kesho pia, na ukikimbilia 23:59:59 unamkosa aliyelipa nusu sekunde baada ya hapo. Kwenye hela za watu hilo halivumiliki kabisa.

Na +03 je? Seva nyingi zinasoma UTC (saa ya kimataifa), sisi Afrika Mashariki tuko mbele masaa matatu, usipoiandika malipo yote ya kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa alfajiri yanaangukia ripoti ya jana. Ila kolamu iwe timestamptz (aina ya muda inayojali ukanda wa saa), maana timestamp tupu inaipuuza +03 kimya kimya, hata era haikupi.

Ukichuja na wakala pia, tengeneza indeksi moja ya (wakala_id, imelipwa), kolamu unayoichuja kwa = itangulie, ya muda ifuate. Ukizigeuza itasoma miamala ya mawakala wote wa siku hizo ndo iwachambue.

Afu usibahatishe, weka EXPLAIN ANALYZE mbele ya kweri, itaiendesha na kukuonyesha ilivyofanya kazi. Ukiona Seq Scan (kusoma jedwali lote) wakati umeomba siku moja kwenye jedwali kubwa, rudi kwenye WHERE, lakini kama umeomba karibu jedwali zima hiyo Seq Scan ni sawa tu, iache. Kolamu zote mbili zitokee kwenye Index Cond (masharti yanayotafutwa kwa indeksi), imelipwa ikiwa chini kwenye Filter (kuchuja baada ya kusoma) na Rows Removed (rekodi zilizotupwa) ni namba kubwa basi indeksi inafanya kazi nusu. Ila kwa DELETE kuwa makini, EXPLAIN ANALYZE inafuta kweli, anza na BEGIN umalize na ROLLBACK, inayorudisha kila kitu kilivyokuwa.